Pikapu ya Mzee Ikatwe, Irudi Barabarani

Kijana wa Bumula, huku Bungoma, akifungua mlango wa banda kuukuu la tumbaku na kukuta pikapu ya babu yake imekaa humo miaka na mikaka, hukutana na sauti mbili. Ya kwanza ni ya nyumbani: gari la marehemu haliguswi. Ya pili ni ya wapenzi wa magari ya zamani, wengi wao wakazi wa Nairobi: gari la zamani huguswa, ila kwa sharti kwamba lirudishwe lilivyotoka kiwandani, injini ileile, rangi ileile, taa zilezile. Akithubutu kusema anataka kulikata, kulipunguza uzito, kulitia injini yenye nguvu na kulifanya hotirodi, sauti hizo mbili huwa moja. Wa nyumbani atasema kijana amemkosea mzee heshima. Mpenzi wa magari atasema ameharibu historia.

Maneno hayo nimeyasikia matangani, nimeyasikia gereji, na walioyasema ni watu ninaowaheshimu. Nayapinga yote. Fundisho la kwamba gari la zamani libaki la asili au lisiguswe kabisa sijaona likiokoa gari hata moja katika vijiji vyetu. Nililoliona likifanya ni kuyaweka magari gizani mpaka kutu iyamalize, kisha kumfungulia lango mnunuzi wa chuma chakavu.

Kwanza tulijue gari tunalolizungumzia. Bumula hakuna Rolls-Royce ya gavana iliyofichwa chini ya turubai. Kuna Peugeot 404, hasa pikapu, na baada yake 504, na Land Rover moja moja. Tumbaku ilipokuwa zao la pesa upande huu wa Bungoma, wakulima walijenga mabanda marefu ya udongo ya kukaushia majani, yenye tanuri chini na mabomba ya bati ya kupitisha joto. Wengi walipoiacha tumbaku, mabanda yaligeuka stoo: magunia ya mahindi, jembe la ng'ombe, baiskeli isiyo na mnyororo, na gari la mzee lililoishiwa na betri siku fulani na halikuondoka tena. Ukipanda hadi Kitale utakuta stoo kubwa zaidi, zile za mashamba yaliyokuwa ya walowezi, lakini hadithi ni ileile.

Saluni ya 404 ilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1960 na pikapu ikafuata mwaka 1967. Kiwanda cha Sochaux kilitoa zaidi ya milioni moja na laki nane za aina hiyo, na hapa Kenya pikapu ziliendelea kuunganishwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika mbio za Safari Rally, 404 ilishinda mwaka 1963 mikononi mwa Nick Nowicki, ikashinda 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland, na Nowicki akashinda nayo tena mwaka 1968, mwaka ambao magari karibu yote yaliyoanza hayakufika mwisho. Wazee wetu waliyaona magari hayo yakipita kwenye matope, wakajua wanunue nini. Hawakununua kwa ajili ya maonyesho. Walinunua kwa sababu lingebeba.

Na lilibeba. Hapo ndipo hoja ya uasili inapoanza kuporomoka, kwa sababu pikapu hizo hazikukaa za asili hata mwaka mmoja. Mzee alipoinunua, hatua ya kwanza ilikuwa kumpelekea fundi aongeze springi za nyuma, maana mahindi ya kwenda Bungoma hayakupimwa kwa vitabu vya Mfaransa. Hatua ya pili ilikuwa kuichomelea kanopi ya vyuma na viti viwili vya mbao, ikawa matatu siku za soko. Baada ya mwaka 1973, Mzee Kenyatta alipoziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, pikapu za namna hiyo zilijaa barabara zote za magharibi. Kabureta ilipochoka ikawekwa ya gari jingine. Taa ilipopasuka ikawekwa iliyopatikana. Bampa la mbele likawa bomba la maji lililochomelewa na fundi wa kijijini. Anayesema leo kwamba heshima kwa mzee ni kutolibadilisha gari lake, amsahihishe mzee mwenyewe kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyeanza kulibadilisha na hakuacha mpaka alipokufa.

Tena mzee hakubuni tabia hiyo. Walowezi wa Kenya wa miaka ya 1920 waliagiza Ford na Chevrolet zikiwa chesisi na injini tu, kisha mafundi wa hapa wakaunda sanduku la mbao nyuma la kubeba watu, mbwa, mitungi na bunduki, ndiyo boksi bodi. Mabasi ya mashambani yalikuwa chesisi kutoka Uingereza na bodi ya fundi wa Kenya. Matatu za leo zinazosifiwa kwa michoro na muziki ni chesisi za Isuzu zilizovishwa bodi humu nchini. Katika karne nzima ya magari nchini mwetu, gari lililobaki lilivyotoka kiwandani ndilo la ajabu. Kwa hiyo anayeng'ang'ania uasili wa Sochaux hailindi historia ya Bumula. Anaifuta historia ya Bumula ili aweke ya Sochaux mahali pake.

Wapo watakaojibu: lakini Nairobi kuna mashindano ya Concours d'Elegance, tangu 1970, na pale gari safi la asili hupata heshima yake. Ni kweli, na nayastahi mashindano hayo ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road. Waamuzi hukagua mpaka chini ya bodi, na mtu anayelitunza gari lake kiasi hicho ana upendo wa kweli. Ninachokataa ni kulichukua sharti la uwanja ule na kumbebesha kijana wa Khasoko au Kimaeti kana kwamba hakuna njia nyingine ya kulipenda gari. Hata nje ya nchi sharti hilo limelegezwa. Mashindano ya Pebble Beach huko Kalifornia, yanayoheshimiwa kuliko yote ya aina hiyo duniani, yalifungua kundi la hotirodi mwaka 1997. Magari yaliyowahi kudharauliwa kama uhuni wa vijana leo yanasimama kwenye nyasi zilezile na Bugatti.

Ni vizuri kukumbuka vijana hao walikuwa akina nani. Katika miaka ya 1930, vijana wa Kalifornia wasio na pesa ya gari jipya walichukua Ford kuukuu, wakang'oa madigadi na kila kitu kilichoongeza uzito, wakazitia injini zenye nguvu zaidi, hasa ile ya silinda nane ambayo Ford ilianza kuiuza mwaka 1932, wakaenda kushindana kwenye maziwa makavu kama Muroc. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia waliungana nao askari waliorudi wakiwa wamejifunza ufundi jeshini. Hotirodi ni kazi ya mtu mwenye ujuzi mkubwa kuliko mfuko wake. Nani anafanana na mtu huyo kuliko fundi wa jua kali wa Bungoma?

Na sisi tuna mfano wetu, mkubwa kuliko wa Kalifornia. Mwaka 1964 Volvo ilileta magari yake aina ya PV544 kwenye Safari, yakashindwa, na kampuni haikuona haja ya kuyarudisha yote Ulaya. Joginder Singh, fundi aliyezaliwa Kericho, alinunua mojawapo lililotumika na kuchakazwa. Akalifungua, akaliunda upya kwa akili yake na kwa barabara zetu, na mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant wakashinda Safari kwa gari hilo lililoachwa. Wakenya tunalikumbuka jina lake kwa fahari. Je, kuna aliyemwambia Joginder alirudishe gari lilivyotoka Uswidi? Angelitii fundisho hilo, gari lingebaki gereji na ushindi ungekwenda kwa mwingine.

Vivyo hivyo mashindano ya Rhino Charge. Tangu 1989, Land Rover, Range Rover na Suzuki zimekatwa paa, zimeinuliwa, zimewekewa injini zisizo zake na vyuma vya kuzuia kupondeka, zikapita penye miamba kukusanya fedha za uzio wa Aberdare, ambao ulikamilika mwaka 2009 ukiwa na urefu wa kilomita 400 hivi. Sijasikia mtu akilia kwamba Land Rover zile zimenajisiwa. Tunapiga makofi. Kwa nini basi kijana wa Bumula akichukua msumeno alaumiwe? Naona jibu na halinipendezi: tunaamini kwamba mwenye pesa akikata gari anabuni, na maskini akilikata anaharibu.

Sasa tuje kwenye gharama, maana hapa ndipo fundisho la uasili linapoua. Injini ya 404 ni ya sentimita za ujazo 1,618. Bloku yake ni ya chuma, kichwa chake ni cha alumini, na silinda zake ni mikebe inayozungukwa na maji moja kwa moja. Ni injini nzuri mno ikitunzwa. Ikiachwa na maji ya mtoni ndani kwa miaka ishirini, alumini huliwa, gasketi za chini ya mikebe huharibika, na maji huteremkia kwenye oili. Kuifufua kwa vipuri vya asili ni kuagiza kutoka Ulaya, kulipa usafiri na ushuru, na kungoja. Mwalimu mstaafu wa Bumula hana pesa hizo. Mjane wa mkulima wa miwa aliyengoja malipo ya kiwanda msimu baada ya msimu hana. Ukimwambia njia ya halali ni hiyo tu, umemwambia asifanye kitu. Naye hafanyi. Gari linangoja, panya wanatafuna waya, mchwa wanakula mbao za kitanda cha nyuma.

Halafu lori la chuma chakavu linakuja. Pikapu kama ya mzee ina uzito wa takriban tani moja. Tuseme mnunuzi anatoa shilingi 40 kwa kilo: ni elfu arobaini hivi, zinazotosha karo ya muhula na pengine deni la dukani. Simlaumu mama anayekubali. Serikali ilipopiga marufuku biashara ya chuma chakavu Januari 2022, baada ya milingoti ya umeme kuhujumiwa, magari yaliyolala yalipata ahueni ya miezi michache; Mei marufuku ikaondolewa na biashara ikarudi. Waliohubiri uasili hawakuwa langoni siku lori lilipokuja, wakiwa na elfu hamsini mkononi.

Njia ya hotirodi inaanzia kwenye vitu vilivyopo. Kila mji wa magharibi una Hiace za matatu zilizochoka bodi lakini injini zake bado zinanguruma: 1RZ ya petroli ya lita mbili, au 2L ya dizeli. Injini hizo zinalala kwa urefu na kuendesha magurudumu ya nyuma, kama 404 yenyewe, na fundi wa Bungoma anazijua kama anavyojua vidole vyake. Wanaotamani injini ya Probox kwa sababu imejaa mitaani waambiwe mapema kwamba ile inakaa kwa upana na kuvuta magurudumu ya mbele, hivyo itawatesa bure.

Kazi yenyewe si ya mzaha, na nataka anayeianza aijue. Propela ya 404 imefichwa ndani ya bomba lililofungwa kwenye gia boksi, na difu yake ni ya skrubu inayozungusha gurudumu la shaba, tofauti kabisa na difu za Toyota. Haiwezekani kuingiza injini ya Hiace na kuacha vilivyobaki. Gia boksi, propela na difu lazima zije pamoja, ekseli ya nyuma ikatwe au irefushwe kwa kipimo, na mashikio yachomelewe mahali ambapo chuma bado kizima. Upande wa mbele wa 404 bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito. Ukikata bila kuifunga kwanza kwa vyuma vya kuishikilia, milango haitafunga tena. Hotirodi ya Kalifornia ilishushwa ikagusa lami. Ya Bumula iinuliwe, kwa sababu barabara ya murramu wakati wa mvua haina huruma na gari la chini, na trekta za miwa zimeacha mitaro ya kutosha.

Bodi ndiyo niiombee. Kijana asiifute. Grili, mikia ya nyuma, rangi iliyopauka, jina la biashara la mzee lililoandikwa mlangoni kwa brashi, namba ya zamani isiyo na herufi ya mwisho, ile ya kabla ya KAA kuanza mwaka 1989: hivyo vibaki. Hapo kumbukumbu ya marehemu iko salama kuliko gizani, kwa sababu kila mtu sokoni atauliza ni gari la nani na kijana atataja jina la babu yake.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, nalo ni usalama. Wanasema injini yenye nguvu ndani ya bodi ya zamani ni jeneza. Itakuwa hivyo kama breki zitabaki za zamani. Ndiyo maana fedha za kwanza ziende kwenye breki na usukani kabla injini haijanunuliwa: diski za mbele, mipira mipya, mabomba mapya ya mafuta ya breki, mikanda ya usalama iliyofungwa kwenye chuma kilichoimarishwa, matairi mapya. Yale yaliyokaa bandani yakionekana mazima ni ya kutupwa, hata kama meno yamejaa. Fundi anayeanza na mlio wa egzosi na kumalizia na breki asipewe gari la mtu. Lakini pingamizi hili ni la kazi mbaya, si la hotirodi. Gari la asili la mwaka 1970 lenye breki za mwaka 1970, likiwa katikati ya malori ya Malaba, nalo ni hatari, na wanaolisifu hawalitaji hilo.

Sheria nayo inataka subira tu. Namba ya injini imo kwenye logibuku, hivyo injini ikibadilika mamlaka ya usafiri, NTSA, ijulishwe, gari likaguliwe na kumbukumbu zirekebishwe. Kabla ya hapo kuna jambo ambalo limeozesha magari mengi kuliko mvua: logibuku bado ina jina la marehemu. Bila familia kwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi kwa mujibu wa Sura ya 160 ya Sheria za Kenya, hakuna anayeweza kulihamisha kwa haki, na ndugu watano watalitazama likioza kwa sababu kila mmoja anaogopa mwingine atalichukua. Hao ndio husema haliguswi kwa heshima ya mzee. Mara nyingi si heshima. Ni shamba na ng'ombe ambavyo havijagawanywa.

Je, hakuna gari lisilofaa kukatwa? Lipo. Likipatikana bandani gari lililokimbia Safari kweli, lenye hati zake, au boksi bodi ya miaka ya 1920 ambayo mbao zake bado zimesimama, asiliguse mtu mwenye msumeno. Liende mahali pa kutunzwa. Kitale ina makumbusho yaliyotokana na mkusanyo wa mlowezi Hugh Stoneham, aliyekusanya wadudu, ndege na vitabu na kuanzisha makumbusho yake mwaka 1926, na Taifa likayafungua kwa umma mwaka 1974. Kitu cha pekee kina haki ya kupumzika humo. Ila pikapu ya mahindi iliyotoka kiwandani pamoja na maelfu ya wenzake si kipepeo wa kubanwa kwa pini. Wafaransa wenyewe wamehifadhi za kwao kwenye jumba la makumbusho la Peugeot huko Sochaux tangu 1988, safi, za asili, zenye hati. Uasili wa 404 hautegemei banda la Bumula. Kinachotegemea banda hilo ni pikapu ya mtu mmoja aliyejulikana na kijiji kizima.

Wanaotuonya pia husema magari haya hayatarudi, kwa kuwa Kenya hairuhusu kuagiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Sawasawa. Hata mimi hilo linanitia uchungu, na ndilo linalonifanya nipinge kungoja. Idadi haiongezeki, na kila mwaka wa kusubiri pesa za kuagiza vipuri vya asili unapunguza iliyopo. Gari lililokatwa kwa ustadi na kutembea litakuwepo baada ya miaka thelathini. Lililohifadhiwa kwa maneno matupu litakuwa nondo za nyumba ya mtu asiyejua zilitoka wapi.

Naviomba vyuo vya ufundi vya Sang'alo na Kitale vichukue mojawapo ya magari haya kwa makubaliano na familia, wanafunzi walitengeneze kuanzia breki hadi rangi, na liendeshwe hadharani. Nanyi wenye mabanda, itisheni kikao cha ukoo, mkamilishe mirathi, kisha mwiteni fundi kabla hamjamwita mwenye mizani. Msiwashe injini siku ya kwanza: ng'oeni plagi, mimineni oili kidogo kwenye kila silinda, iacheni iloweke siku kadhaa, halafu mzungushe kwa mkono. Ikikubali kuzunguka, mna gari la kuanzia. Ikikataa, mna bodi, na Hiace ziko.